Mwenye Funguo Si Mwenye Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waangalizi wa ofisi na nyumba za Chama)



Leo sikuja kusema na watu wa jukwaani. Nimekuja kusema nanyi mnaofungua milango kabla ya mkutano, na kuifunga sisi tukiwa tumekwisha kwenda zetu kulala.

Wazee wetu walioanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954 hawakuwa na majumba. Katika nchi ya Wasukuma Serikali ya kikoloni ilikizuia Chama kisifanye kazi mpaka mwaka 1958. Siku zile mali ya tawi ilikuwa daftari la wanachama na kitabu cha stakabadhi. Aliyevitunza hivyo alikuwa ametunza tawi zima, wala hakuna aliyempigia makofi.

Uhuru ulipokuja, mali ikaongezeka. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi 100,000, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria iliweza kubadili mwenye nyumba kwa siku moja. Lakini sheria haipandi juu ya paa kuzibua mfereji wa maji ya mvua. Hiyo ni kazi ya mtu, na mtu huyo ndiye wewe.

Mfereji ukiziba, maji huingia ukutani. Ukuta ukilowa, mbao huoza na mchwa hupata chakula. Hapo tawi litachangisha wanachama fedha nyingi kwa kosa ambalo ngazi na nusu saa ya asubuhi vingelizuia. Basi angalieni paa kabla ya masika, si baada yake. Angalieni pia waya za umeme, na makaratasi yaliyorundikwa karibu nazo.

Tena kuna daftari la mali. Kila kiti, kila meza, kila kufuli liandikwe. Mwangalizi anayeondoka na anayeingia wahesabu pamoja, watie saini wote wawili. Msione haya kuhesabu mbele ya rafiki. Hesabu humlinda mtu mwaminifu kuliko maneno yake mwenyewe.

Sasa nifike penye uchungu. Mara nyingi viti vya tawi havichukuliwi na mwizi wa usiku. Huchukuliwa mchana na mkubwa mwenye arusi nyumbani kwake, naye husema, "Bwana mdogo, nitavirudisha Jumatatu." Vikienda hamsini, hurudi arobaini na vitatu. Halafu kamati hukutana, na anayeulizwa ni nani? Ni yule mwenye funguo!

Nasema wazi, na wenyeviti waliopo hapa wanisikie: mwangalizi akikataa kutoa mali bila kibali cha kamati, hakuvunja heshima. Ametimiza kazi tuliyompa. Akifukuzwa kwa sababu hiyo, aibu ni yetu.

Nasi wanachama tunalo deni. Twamtaka mwangalizi alinde ofisi kwa kufuli bovu, tena ujira wake tunamcheleweshea, kisha tunashangaa mafuta ya taa yakipungua. Simtetei mwizi. Lakini kamati isiyolipa isijifanye haina sehemu katika hasara hiyo.

Basi kabla hatujatawanyika, kila mwangalizi aandike mambo matatu yanayohitaji matengenezo katika jengo lake, ampe katibu wa tawi. Nanyi makatibu, mkiipokea karatasi hiyo, itieni saini na tarehe mbele yake, nakala abaki nayo.