MALI ZETU, KESI ZETU: MANENO YA UONGOZI KWA WANACHAMA WA TAWI



Haya ndiyo maneno tuliyoyatoa kwenye kikao cha tawi. Tunayatuma hapa kwa wenzetu waliokuwa shambani na safarini. Tafadhali soma hadi mwisho, kisha msomee na jirani asiye na simu.

Kanda yetu inajua uzito wa jambo hili. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa pale Nyololo, Mufindi, polisi walipozuia ufunguzi wa tawi la chama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15. Februari 2018, hapa Mbeya, mbunge Joseph Mbilinyi alifungwa miezi mitano kwa maneno aliyosema jukwaani. Hayo yaliandikwa magazetini. Yasiyoandikwa ni ya wanachama wa kawaida: kesi inafutwa, mtu anarudi nyumbani, lakini pikipiki, simu au mzigo wa biashara haurudi.

Wengi mmetuuliza: kwa nini tusiende moja kwa moja Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu? Tuseme ukweli.

Yupo Mtanzania aliyekwenda huko. Alikamatwa mwaka 2007, akafunguliwa kesi za jinai, akakaa mahabusu miaka, na akalalamika kwamba mali zake zilichukuliwa isivyo halali. Machi 28, 2014, mahakama ile, kwa wingi wa kura za majaji, ilikataa kusikiliza madai yake. Haikusema kwamba hakuonewa. Ilisema hakuimaliza njia ya mahakama za ndani kwanza. Maombi yake Mahakama Kuu yalikuwa yamekwama kwenye taratibu.

Mwenzake, mfungwa wa miaka 30, alikuwa amefika hadi Mahakama ya Rufani. Novemba 20, 2015, mahakama hiyo hiyo ilimpa haki: ilisema hakupata nafasi ya kutosha ya kujitetea wala wakili. Tofauti moja kubwa kati ya hao wawili ni hii: mmoja alikuwa amepanda ngazi zote, mwingine aliishia njiani.

Na leo mlango wenyewe umebana. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kufungua kesi mwenyewe kwenye mahakama ile, na tangu Novemba 22, 2020 kesi mpya za namna hiyo dhidi ya Tanzania hazipokelewi. Kumebaki Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo Machi 25, 2022 ilisema baadhi ya vifungu vya sheria yetu ya vyama vya siasa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini huko unapewa miezi miwili tu tangu jambo litokee au ulijue. Ukichelewa, basi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, vita hii inaanzia hapa hapa nyumbani, siku ile ile ya kukamatwa. Tunaomba kila mwanachama ashike haya:

*1.* Polisi wakipekua na kuchukua mali, sheria inawataka watoe stakabadhi. Idai kwa heshima. Wakikataa, andika siku, saa, kituo na majina ya mashahidi.

*2.* Kesi ikifutwa, usiondoke mahakamani kwa furaha tu. Omba mahakama itoe amri ya kurudishiwa mali, na uchukue nakala. Kumbukeni pia kwamba DPP akisema hana nia ya kuendelea na shauri, bado anaweza kulifungua upya.

*3.* Ukihukumiwa, kusudio la rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi linatolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

*4.* Katiba, Ibara ya 24, inalinda haki ya kumiliki mali, na Ibara ya 30 inakupa njia ya kwenda Mahakama Kuu. Iko Mbeya, iko Iringa. Usiende bila wakili au msaidizi wa kisheria, maana kesi nyingi hufia kwenye makosa ya makaratasi.

Hatuwaahidi kwamba mali zote zitarudi. Tunachoahidi ni kwamba hakuna mwanachama wa tawi hili atakayepanda ngazi hizo peke yake. Katibu amefungua daftari. Mwenye kesi, iliyofutwa au inayoendelea, alete hati ya mashtaka, stakabadhi na hata karatasi ya dhamana kabla ya kikao kijacho. Usitume picha za nyaraka hizo kwenye kundi. Mletee katibu mkononi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Umoja wetu ndiyo ngao yetu.

_Imetolewa na Uongozi wa Tawi_