Swali Lililoulizwa Mara Mbili: Waswisi na Mgeni Mwenye Hatia



Tarehe 28 Novemba 2010 wananchi wa Uswisi walipiga kura kuamua kama mgeni aliyetiwa hatiani kwa makosa yaliyotajwa afukuzwe nchini moja kwa moja. Asilimia 52.9 walisema ndiyo. Tarehe 28 Februari 2016 waliulizwa tena, safari hii kama kamba ikazwe zaidi. Asilimia 58.9 walikataa. Nimeichagua nchi hii kwa sababu kwingine maoni ya umma hukisiwa kwa kuhoji watu wachache kwa simu. Kule yalihesabiwa karatasi kwa karatasi.

Nianze na bango. Chama cha SVP, kilichopeleka hoja ile ya 2010 kwa wananchi, kilibandika picha ya bendera nyekundu yenye msalaba mweupe. Juu yake wamesimama kondoo watatu weupe, na mmoja wao anamtoa nje kondoo mweusi kwa teke la nyuma. Pichani hamna hakimu, hamna kosa, wala hamna aliyeumizwa. Inayosema ni rangi peke yake. Mpita njia humaliza kuisoma kabla hajavuka barabara. Kwangu mimi picha ile ni tusi, na nalisema hilo bila kumung'unya maneno.

Hata hivyo, waliosema ndiyo tusiwabeze. Aliyeporwa njiani au aliyebakwa ana haki ya kuuliza: mtu aliyekaribishwa, kisha akamdhuru mwenyeji wake, abaki kwa lipi? Swali hilo linastahili jibu. Kasoro ninayoiona mimi ilikuwa kwenye orodha ya makosa, ambako muuaji, mbakaji na msafirishaji haramu wa binadamu walitiwa kapu moja na mtu aliyejipatia ruzuku ya serikali kwa udanganyifu.

Sasa tazameni nani hasa anaitwa mgeni. Uswisi haitoi uraia kwa sababu tu mtoto kazaliwa pale. Uraia hufuata wazazi. Kwa hiyo wapo waliozaliwa Zürich, wakasoma Zürich, wanazungumza lahaja ya Zürich, lakini karatasi zao zinasema ni watu wa nchi nyingine. Kufikia 2016 karibu robo ya wakazi hawakuwa raia. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe wamelishika tangu utotoni. Ukimfukuza mmoja wao unampeleka kijijini kwa babu yake, ambako pengine hajui hata kuomba maji kwa lugha ya pale.

Pendekezo la 2016 lingewagusa hao kwa ukali. Makosa madogo yangetosha ikiwa mtu alishahukumiwa ndani ya miaka 10 iliyopita, na hakimu angefungwa mikono asiweze kupima maisha ya aliye mbele yake. Maprofesa wengi wa sheria walipinga hadharani. Vijana wa vuguvugu la Operation Libero walifanya kampeni ya kulipinga usiku na mchana. Waliojitokeza kupiga kura, ambao 2010 walikuwa kama asilimia 53, safari hii walipita asilimia 60.

Je, Waswisi walikuwa wamelegea? Sidhani. Sheria ya kufukuza wahalifu iliyotokana na kura ya 2010 haikufutwa. Ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2016, na anayefukuzwa hukatazwa kurudi kwa miaka 5 hadi 15. Ila humo humo hakimu ameachiwa nafasi ya kumbakiza mtu ambaye kufukuzwa kungemtia katika dhiki kubwa, na ametakiwa kuangalia kwa namna ya pekee hali ya aliyezaliwa au kukulia Uswisi. Mara ya kwanza wengi walipigia kura kondoo wa bangoni. Mara ya pili walimwona mtoto wa jirani, na naamini ndiye aliyewashikisha kalamu kwa uangalifu.

Wanafunzi wa sheria na takwimu mlio humu ukumbini, nawaombeni jambo moja. Mkiletewa asilimia ya wananchi wanaotaka wageni wafukuzwe, daini kwanza kuonyeshwa swali waliloulizwa, neno kwa neno.