Mchezo, Zawadi na Maji ya Ngarambe

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipotoka hapa nilikwenda Chuo Kikuu, kisha nikaingia katika utumishi wa serikali, nilimo hadi leo. Nimeombwa nizungumze juu ya mtumishi kujitafutia shughuli ya pili. Nitasimulia shughuli moja ambayo nusura niianze.

Ni mchezo uitwao leza tegi. Wachezaji huvaa fulana zenye vinasa mwanga na kushika bunduki za plastiki zitoazo mwali usioonekana, jamii ya ule wa rimoti ya televisheni. Ukipigwa, fulana hulia, bunduki yako huzimika kwa muda, na kompyuta huhesabu pointi. Hakuna anayeumia. Huko Marekani, ukumbi wa mchezo huo uitwao Photon ulifunguliwa Dallas mwaka 1984.

Nilikusudia kufungua uwanja wa watu wazima kwetu Ngarambe, Rufiji. Timu zingelipa kiingilio, washindi wangepata zawadi, na wageni wa hifadhi wangekuja kucheza na vijana wetu. Muuzaji wa vifaa alinihakikishia kwamba fedha zangu zingerudi katika miezi sita. Fomu ya mkopo wa kukatwa mshahara ilikuwa tayari mezani. Mke wangu alikuwa kimya, na mimi nikajifanya kuwa kimya ni kukubali.

Nikaenda kumwomba mjomba wangu eneo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mjomba, hayo ya miezi sita, nani ameyajaribu?"

Swali hilo likiulizwa Ngarambe lina uzito wake. Ninyi wanafunzi mmesoma kwamba ndiko alikoishi Kinjikitile Ngwale. Mwaka 1904 watu walimiminika kwake kuchukua dawa ya maji, wakiahidiwa kuwa risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Hapo hapo Ngarambe walifanya mazoezi ya vita yaliyoitwa likinda. Vita vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, kwa kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Mwezi huo huo, huko Mahenge, wapiganaji waliikabili bunduki ya rashasha, wala risasi hazikugeuka maji. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno. Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000, na wanahistoria wetu wametaja hesabu kubwa zaidi.

Siwacheki wazee wale. Walikuwa na sababu ya haki, na waliunganisha makabila yaliyokuwa hayajapata kuungana. Lakini ahadi ya maji haikuwa imejaribiwa, na gharama yake ililipwa na walioiamini.

Mjomba aliongeza jambo la pili. Katika wilaya jirani ya Kibiti, Aprili 2017, askari polisi 8 waliuawa kwa risasi siku moja, na raia na viongozi wa vijiji nao waliuawa katika kipindi hicho. "Mtu aliyezika mwaka ule," alisema, "utamwuzia tiketi ya kukimbizwa na bunduki?" Sikuwa na jibu.

Ile fomu nikairudisha ikiwa tupu. Badala yake nilifanya jaribio dogo: mashindano ya bao kwa watu wazima, zawadi mbuzi mmoja niliyemnunua mwenyewe, bila kiingilio. Walijiandikisha watu 16. Sikuwa nimepiga hesabu kwamba wachezaji 16 kwa mtoano ni michezo 15, na mimi nilikuwa na bao moja tu! Giza liliingia tukiwa kwenye mchezo wa tisa. Mwamuzi alikuwa mpwa wangu, basi kila aliyeshindwa alisema ameonewa. Tulimaliza siku ya pili, kwa bao tatu za kuazima na mwamuzi kutoka kijiji kingine, na hapo hapakuwa na neno. Makosa hayo yalinigharimu mbuzi mmoja. Kwa ule mkopo yangenigharimu mishahara ya miaka.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotaka kuanzisha michezo ya zawadi, nina machache ya kuwaambia. Zawadi itangazwe mapema na iwepo uwanjani watu waione. Mwamuzi asiwe ndugu yako. Na kabla ya kukusanya kiingilio cha kushindania zawadi, nendeni mkaulize Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, kama shughuli yenu inahitaji leseni. Mtumishi wa umma hana udhuru wa kusema hakujua.

Nanyi vijana, siku hizi mnaahidiwa utajiri kwa kubeti kupitia simu. Sheria inawakataza walio chini ya miaka 18, lakini hata mkifika umri huo, ulizeni swali la mjomba wangu. Anayekuahidi, mwombe akuonyeshe daftari, tena ukurasa wa waliopoteza.

Leza tegi huenda nikaianza siku moja, mahali pengine, kwa fedha niliyokwisha kuiweka. Ngarambe tutaendelea na bao. Mwaka huu mjomba amejiandikisha, na mke wangu ndiye mtunza fedha.