Udongo mweusi wa mlimani na shamba letu la juu

Mazungumzo mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Bukavu. Yameandikwa kama yalivyosemwa, ila yamefupishwa kidogo.

 

Komite iliniomba niseme juu ya udongo. Nilisikia mtu mmoja akisema hapo mlangoni, "udongo ni udongo, atatuambia nini?" Yaya, subiri kidogo. Mbele yetu kuna ombi, na ombi lenyewe ni la udongo. Familia zilizorudi na kupata fasi ya kulima kule milimani, juu ya Minova, teritwari ya Kalehe, zinaomba vitu viwili. Kwanza zinaomba mbolea ya kiwandani, kwa sababu maharagi imeanza kuwa njano na mahindi inabaki fupi. Pili zinasema, kama mbolea haipatikane, turuhusu zifungue ile kipande ya msitu iliyobaki kwenye mteremko, juu ya nyumba, maana pale udongo bado "unapumua". Hilo neno si langu, ni lao, na ni neno zuri sana. Nitalirudilia.

Wengi kati yetu tulikaa miaka mingi nje, wengine Nyarugusu, wengine Burundi ao Rwanda. Mtu akirudi, akiona ile udongo mweusi kama makala, laini, jembe linaingia lenyewe, anasema: hapa hakuna haja ya mbolea, Mungu alishaiweka. Kumbe ule udongo uko na tabia yake, na mtu asipoijua atapoteza misimu yake yote.

Niliupima kwa mikono kabla ya kutumia mashini yoyote. Na nyinyi munaweza kufanya vile. Ukijaza beseni na udongo huu, na beseni ingine na udongo mwekundu wa hapa Bukavu, halafu uyabebe, utaona ule mweusi ni mwepesi. Udongo wa kawaida ukikauka, litre moja inaweza kufika kilo moja na robo ao zaidi. Huu wa majivu unabaki chini ya gramu 900. Ni kwa sababu ndani yake kuna nafasi nyingi, matundu madogo-madogo, na ndiyo maana wanasema unapumua. Kisha chukua donge lenye unyevu, ulisugue katikati ya vidole viwili. Mwanzo linakuwa kama kitu kigumu kidogo, halafu ghafla linateleza kama sabuni na maji yanatoka. Udongo wa mfinyanzi haufanyi hivyo, unanata. Ule unaoteleza hivyo ni mtoto wa majivu ya volkano.

Lakini musitoke hapa mukisema kila udongo mweusi ni wa majivu. Udongo wa bonde lenye maji ni mweusi pia, na hauna hiyo tabia. Na udongo wetu wa Bukavu, huu mwekundu unaoshika viatu, ulitoka kwenye mawe ya volkano za zamani sana, mamilioni ya miaka. Hata Kahuzi, ule mlima wenye mita 3308, ni volkano iliyozimika. Kwa hiyo mweusi wa kule na mwekundu wa hapa ni ndugu. Mmoja bado kijana, mwingine amezeeka, mvua imemwosha mpaka akabaki na chuma na mfinyanzi.

Kule kwa wenzetu, majivu yalitoka wapi? Virunga haiko mbali. Nyamulagira inalipuka mara kwa mara, na Nyiragongo munaijua: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, tarehe 22 Mei 2021. Wengi wenu mulipokea watu wa Goma ndani ya nyumba zenu mwaka ule wa mwisho. Lava inashuka na kuwa jiwe, na mukienda Goma leo munajenga juu yake. Majivu ni kitu kingine. Yanapanda juu, upepo unayachukua, yanaanguka kwenye milima ya mbali. Yakiwa mapya yanaweza kuunguza majani ya sombe na kuharibu maji ya mvua kwenye mapipa. Lakini yale yaliyoanguka zamani, chini ya msitu, penye baridi na mvua nyingi, yanaoza polepole. Yanageuka kitu ambacho wataalamu wanaita alofani. Si mfinyanzi, si mchanga, ni kama unga laini kabisa wenye alumini ndani. Alofani inashika majani yaliyooza, inayafunga, yasimalizike haraka. Ndiyo sababu udongo unabaki mweusi mpaka chini sana. Jina ambalo dunia yote inatumia, andosoli, lilitoka kwa Wajaponi: kwa lugha yao "an" ni giza, "do" ni udongo.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Ile alofani inayoshika majani yaliyooza inashika pia fosfori. Na fosfori ndiyo chakula ambacho mmea unatafuta ili kutoa mizizi, maua na mbegu. Kwenye maabara, udongo unaitwa andosoli kamili kama unameza angalau sehemu 85 juu ya 100 ya fosfori waliyoitia kwenye kipimo. Hicho ni kipimo cha maabara, si cha shamba, lakini kinaonyesha tabia yake. Fosfori haipotei, iko pale, imefungiwa ndani ya nyumba ambayo mzizi hauna ufunguo wake.

Basi mutaniuliza: kama ni hivyo, kwa nini msimu wa kwanza ulizaa vizuri vile? Kwa sababu msimu wa kwanza haukula udongo, ulikula msitu. Majani yaliyooza miaka na miaka yalikuwa na fosfori yake na azoti yake, na walipochoma, majivu ya miti yaliongeza chumvi kidogo na kupunguza uchachu. Mmea ulikula akiba. Msimu wa pili bado kuna kitu. Ule wa tatu ao wa nne, akiba imeisha, na jua limepiga moja kwa moja juu ya udongo ambao haukuzoea jua. Hapo munaona majani ya mahindi inaanza rangi ya zambarau pembeni. Hiyo ni njaa ya fosfori, si uchawi wa jirani. (Najua kuna mtu alishitakiwa kwa chefu juu ya mambo hayo. Tafadhali, muache ule mzee akae kwa amani.)

Kwa hiyo, mtu akifungua ile kipande ya juu, atapata tena misimu miwili ao mitatu, kisha atarudi hapa na ombi lile lile, ila msitu hautakuwepo tena.

Na mbolea? Mimi sikatai mbolea. Ninakataa kuimwaga. Nimeona mtu akitembea shambani na ndoo, anarusha NPK kama anayelisha kuku. Kwenye udongo huu, kila chembe inayoanguka mbali na mzizi inamezwa. Feza ya mfadhili inaingia kwenye alofani na haitoki. Njia ni kuiweka kidogo, kwenye shimo, karibu na mbegu lakini isiguse mbegu, vidole vitatu vya umbali. Kipimo ni kifuniko cha chupa ya Primus, na kisijae. Ndani ya shimo hilo hilo weka konzi mbili za samadi ao mbolea ya majani iliyooza vizuri. Majani yaliyooza yanakaa kwenye zile fasi ambazo alofani ingeshikia fosfori, yanailinda, na mzizi unafika kabla ya kufungwa. Mfuko mmoja uliotumiwa hivyo unafanya kazi ya mifuko mingi iliyomwagwa.

Samadi itatoka wapi, wakati ng'ombe waliisha vitani? Swali la kweli. Kuna mbuzi, kuna sungura, na kuna dende, ile cobaye ambayo watoto wanachunga chini ya kitanda na hakuna anayeihesabu. Kuna pia tithonia, ule mmea wa maua ya manjano na majani ya uchungu, unaota kila fasi kando ya barabara. Majani yake yana azoti nyingi na fosfori pia. Mukate yakiwa mabichi, mufukie. Haina bei, inataka mgongo tu. Wamama watasema mgongo ni wao, na wako na haki. Kazi hiyo igawiwe.

Ninataka sasa kusema juu ya mteremko, na hapa sitafanya mchezo.

Udongo huu unakunywa maji kupita ule mwingine wote. Chini ya msitu unaweza kubeba maji yenye uzito sawa na uzito wake mkavu, wakati mwingine kupita. Kwa mimea ni baraka, maana kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane hakiwaui haraka. Kwa mlima ni mzigo. Mvua ikinyesha siku nyingi, mlima mzima unakuwa kama nguo iliyotoka kwenye beseni bila kukamuliwa. Chini yake mara nyingi kuna tabaka la mfinyanzi ao jiwe ambalo maji hayapiti. Maji yanasimama pale katikati, na kile kinachozuia ni mizizi. Miti ikikatwa, kisiki hakitoi mizizi leo leo, kinangoja. Mizizi inaoza kidogo-kidogo, na mlima unaweza kushuka miaka kadhaa baadaye, wakati aliyekata ameshasahau.

Tarehe 4 Mei 2023 hakuna mtu hapa asiyeikumbuka. Bushushu na Nyamukubi, Kalehe hii hii, watu zaidi ya 400 walikufa na wengine wengi hawakuonekana. Siwezi kusimama hapa niseme ni majivu ya volkano yalifanya vile. Kulikuwa na mvua kubwa, mito, nyumba na soko karibu na maji, na milima iliyobaki wazi. Kule Uganda, kwenye mlima Elgon, ambao pia ni volkano ya zamani, tarehe 1 Machi 2010 mlima ulifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, na pale pia watu walikuwa wamelima mpaka juu kabisa. Hapa mjini, wenye kukaa Funu wanajua ukuta unaopasuka kila mwaka: ardhi inatembea chini yao polepole.

Ile msitu tunayoombwa kuifungua iko juu ya nyumba. Mimi kura yangu ni hapana, na ningeomba iandikwe kwenye kitabu cha mkutano.

Tena kuna jambo ambalo ombi halikusema, lakini nililiona kule: wanaingia msituni hata sasa, kukata miti ya kusimamishia maharagi ya kupanda. Maharagi hiyo inazaa kuliko ile fupi, ninaipenda, lakini kila shina linataka mti wake, na miti inaoza baada ya misimu michache. Tukiipanda bila kupanda miti, tunakula msitu kwa njia ya maharagi. Kaliandra na lesena zinaweza kupandwa kwa mistari inayokata mteremko. Zinatoa miti ya kusimamishia, majani ya mbuzi, na zinashika udongo. INERA ya Mulungu iko na uzoefu mrefu wa maharagi ya milimani, tuwaulize mbegu. Mikalitusi ninaomba isipandwe katikati ya mashamba, inakunywa na haina urafiki na jirani zake. Na udongo usiachwe wazi kiangazi, maana ule wa majivu ukikauka kabisa unavunjika kama unga wa kahawa, na mvua ikirudi unakataa kulowana tena. Maji yanapita juu na kuubeba.

Kwa wafadhili ninasema hivi. Muliahidi feza ya mbolea, tunashukuru. Tunaomba ruhusa ya kuigawa: sehemu iende kwenye mbolea ya shimo, sehemu kwenye mbuzi na dende, sehemu kwenye vitalu vya miti. Kwenye karatasi itaonekana kama mifuko michache kuliko ile muliyotarajia kuhesabu. Mukija kutembelea, musihesabu mifuko, mutembee mpaka mstari wa juu wa shamba mukaangalie kama msitu bado upo.

Familia zile zisirudi mikono mitupu. Walirudi nchini wakiamini kwamba watalima, na ardhi ya chini yote iko na wenyewe. Kuwaambia "musikate" bila kuwapa kitu ni kuwafukuza mara ya pili. Batwa walitolewa kwenye msitu wa Kahuzi-Biega wakati park inatengenezwa, miaka ya 70, na mpaka leo wako pembeni ya ule msitu bila ardhi. Hatutaki kufanya ile. Ndiyo maana ninaomba mbuzi na mbegu zitoke mbele ya mvua ya mwezi wa tisa, si kisha.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila familia ya kule ichimbe mashimo matano, sehemu tofauti za shamba, kina cha kiganja na nusu. Muchanganye udongo wa yale mashimo kwenye beseni safi, mutoe kilo moja, muweke kwenye mfuko wa plastiki bila kuukausha kwenye jua, maana huu ukikauka unageuka na kipimo kinadanganya. Muandike jina la mlima na mwaka ambao shamba lilifunguliwa. Mlete kwa sekretere kabla ya siku ya posho. Tutapeleka yote pamoja kwenye maabara ya kilimo hapa mjini, na gharama iko kwenye kasa tayari.