INJINI MBILI, MASHUA MOJA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mashua ya jeti yenye injini mbili, na jinsi fundi anavyotafuta kasoro injini moja ikikataa nguvu au mkono wa akselereta ukikwama. Pengine mtu atauliza, watu wa reli wana nini na mashua? Jibu ni kwamba reli na maji ni ndugu wa zamani. Meli SS William Mackinnon ililetwa vipande vipande ikashushwa Ziwa Victoria mwaka 1900, na reli yenyewe ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo spana zetu zimelowa maji.

Mashua ya jeti ilitengenezwa vizuri katika miaka ya 1950 na Bwana William Hamilton, mfugaji na fundi wa New Zealand. Mito ya kwao ina maji machache na mawe mengi, na parapela ya nje huvunjika. Mwaka 1960 mashua zake zilipanda mto Colorado huko Marekani, zikienda kinyume cha maji ya nguvu.

Kazi yake ni hivi. Chini ya mashua kuna mlango wenye wavu wa chuma. Pampu inavuta maji hapo, na ndani yake gurudumu la mapanga, liitwalo impela, linayasukuma kwa nguvu yatoke kwa mdomo ulio nyuma. Maji yakitoka kwa nyuma, mashua inakwenda mbele. Mdomo ukigeuzwa, mashua inageuka. Kurudi nyuma, kuna kikombe kinachoteremka na kuyarudisha maji upande wa mbele.

Ndugu, shikeni jambo hili kuliko yote. Mashua hii haina usukani wa kukata maji. Inageuzwa na maji yanayotoka katika pampu. Nahodha akiondoa mafuta ghafula, au injini zikizimika, maji hayatoki, na mashua haimsikii tena. Itakwenda moja kwa moja mpaka kwenye mwamba, gati au watu. Kwa hiyo kebo ya akselereta inayokwama si kasoro ndogo. Ni roho za watu.

Sasa tuje kwenye kazi. Kabla ya kushika kitu, toa ufunguo na kamba ya usalama, uvitie mfukoni mwako mwenyewe. Usiingize mkono penye wavu au impela huku mwenzako amekaa penye ufunguo. Tena, moshi wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hulala chini katika ngama. Fungua vifuniko, nusa, na uwashe feni ya kutoa hewa dakika 4 kamili kabla ya kuwasha injini ya petroli. Feni haiponyi petroli inayovuja. Ukinusa harufu, usiwashe mpaka umeona inakotoka.

Swali la kwanza: kasoro iko upande mmoja au pande zote mbili? Kama injini zote mbili zimelegea pamoja, usianze kufungua moja moja. Tazama vitu wanavyoshirikiana: tangi, petroli yenye maji, betri, nyaya za penye mikono. Legeza kifuniko cha tangi. Nguvu ikirudi, tundu la hewa la tangi limeziba. Lakini kama ni moja tu imelegea, tafuta katika vitu vyake peke yake.

Swali la pili: mizunguko ya injini inapanda au haipandi? Ikipanda sana huku mashua haiendi, usilaumu injini. Pampu inakunywa hewa, au haipati maji ya kutosha. Tazama kwenye wavu kama kuna magugu, kamba au mfuko wa plastiki. Ziwani kwetu gugu maji limetufundisha habari hiyo. Tazama pia kama mapanga ya impela yameliwa na mchanga, na kama nafasi kati yake na ukuta wa pampu imepanuka.

Kama mizunguko haipandi, basi injini yenyewe haina nguvu, au akselereta haifungui mpaka mwisho. Hapa fundi mwingi hupoteza siku nzima, naye angeweza kumaliza kwa dakika chache. Zima injini. Mtu mmoja asukume mkono mpaka mwisho, mwingine atazame kilango cha hewa kwenye injini. Mkono ukifika mwisho, kilango nacho kiwe wazi kabisa. Mkono ukirudi, kilango kirudi kwenye kituo chake. Ukiwa mzito, fungua kebo upande wa injini, ujaribu tena. Ukibaki mzito, ubaya uko katika kebo au penye mkono: kutu, kona kali mno, nyuzi zilizokatika. Ukiwa mwepesi, ubaya uko kwa kilango au springi yake. Kebo iliyoanza kukatika haipakwi grisi ikaachwa, inabadilishwa.

Mashua nyingi za siku hizi hazina kebo. Mkono unatuma habari kwa waya, na kompyuta ndogo ndiyo inayofungua kilango. Kompyuta hiyo ikiona injini imepata joto mno au mafuta ya kulainisha yamepungua, hupunguza nguvu kwa kusudi, ili injini isife. Usiidanganye. Soma alama ya kasoro iliyoandikwa, kisha tazama viungo vya nyaya, maana maji ya chumvi huvila upesi.

Injini mbili zina faida kubwa kwa fundi: ile nzima ni mwalimu wa ile mbovu. Kama ni za namna moja, chukua koili ya kushoto uitie kulia, na ya kulia kushoto. Kasoro ikihama pamoja na koili, umempata mwizi. Ikibaki palepale, koili haina hatia. Fanya vivyo hivyo kwa plagi, na hata kwa saa ya mizunguko, kwa kuwa saa nayo husema uongo. Lakini badili kitu kimoja tu kwa mara moja, ukiandike katika daftari. Ukibadili vitatu pamoja, mashua ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Tunajua jinsi fundi anavyoambiwa, "Itoe hivyo hivyo, abiria wanangoja," na ajali ikitokea yeye ndiye anayeitwa ofisini. Andika tarehe, kasoro, uliyemwarifu, na jibu alilokupa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara moja aonapo hatari kubwa. Tena inamkataza mwenye kazi kumrudisha mtu mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Kumwambia msimamizi kwamba kebo hii haiendi majini, basi, si ukaidi. Ni kazi yetu.

Na fundi mmoja akisema hivyo, wenzake wasitazame chini. Wasimame naye, na katibu wa tawi apewe habari siku ileile. Nahodha na abiria hawaoni kebo iliyo chini ya sakafu, wanatuamini sisi.

Mwenye swali na aulize.