Deni ni la Mzazi, Kiti ni cha Mwanafunzi

Mada kwa semina ya wakuu wa shule, walimu na komite za wazazi wa shule za sekondari, Kapolowe



Nimeombwa niseme jinsi ya kumsaidia mwanafunzi wa sekondari ajifunze vizuri na awe na afya ya mwili na ya moyo. Mambo ya kusema ni mengi, lakini nitaanzia mlangoni mwa darasa, kwa sababu hapo ndipo tunapompoteza. Somo limekwisha kuanza. Direkta wa nidhamu anaingia na karatasi, anasoma majina. Waliotajwa wanakusanya madaftari yao na kutoka, wenzao wakiwatazama. Ukiwakuta njiani na kuwauliza kuna nini, wanajibu: «Banatufukuza juu ya minerval,» yaani ada ya shule.

Ninaamini desturi hii inaharibu masomo ya watoto wetu kuliko uhaba wa vitabu na kuliko madawati yaliyovunjika. Inawaharibu moyo pia. Tunaweza kuleta washauri, tukafanya mikutano ya wazazi, tukabandika maneno mazuri ukutani. Maadamu karatasi ile inaendelea kuingia darasani, mtoto atajua kwamba nafasi yake pale ni ya kukopeshwa.

Pesa ya Kapolowe inakuja lini?

Sisi tunaoishi hapa tunajua mwaka wa Kapolowe unavyokwenda. Ziwa Tshangalele, ambalo lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, linalisha familia nyingi. Samaki wanavuliwa usiku, wanakaushwa, wanapelekwa Likasi na Lubumbashi. Lakini katika miezi ya mvua uvuvi unafungwa ili samaki wazae. Mahindi yanapandwa mvua ikishakolea, na kuvunwa kuanzia Aprili. Kwa hiyo Januari na Februari ghala ni tupu, ziwa limefungwa, na mzazi ameshatumia akiba yake kwa mbegu na mbolea. Barabara ya makala nayo imejaa matope, kinga, yaani baiskeli, haipiti na mzigo.

Sasa tazameni daftari la mhasibu wa shule. Mwaka wa masomo unafunguliwa Septemba. Ada inadaiwa kila mwezi kwa kiasi kilekile, kana kwamba wazazi wote wanalipwa mshahara tarehe thelathini. Mwisho wa semesta ya kwanza unapokaribia, mhasibu anakaza kamba, na msako mkali unaangukia miezi ileile ambayo mvuvi na mkulima hawana kitu. Tumechukua kalenda ya mtu wa mshahara tukamvisha mtu wa msimu.

Kalenda hiyo ina historia. Wazee waliopo hapa wanakumbuka wakati ambapo kampuni, Union Minière na baadaye Gécamines, ilisomesha watoto wa wafanyakazi wake, na mzazi wa Likasi hakujua ada ni nini. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, kampuni ikadhoofika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walirudi kwenye mashamba na kwenye maziwa. Hata kabla ya hapo serikali ilikuwa imeacha kumlipa mwalimu mshahara unaomtosha. Baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1992, wazazi na makanisa walikubaliana kwamba mzazi amchangie mwalimu ili shule zisife. Mchango ule ulikuwa wa dharura. Mpaka leo, katika sekondari, haujaondoka.

Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na bila malipo katika shule za umma, na tangu Septemba 2019 neno hilo limeanza kutekelezwa. Hapa naomba tufanye hesabu pamoja. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Septemba 2019 bila kulipa, akapita kila mwaka, alimaliza la sita mwaka 2025. Wazazi wake hawakuwahi kulipa ada hata mara moja. Anapofika darasa la saba, ada inamngoja mlangoni. Watoto wa aina hii ndio wanaojaza madarasa yetu ya saba sasa, wengi kuliko zamani na wanaotoka katika nyumba maskini kuliko zamani. Tukiwapokea kwa karatasi ya majina, tutakuwa tumewafungulia mlango wa msingi ili tuwafungie wa sekondari.

Mwalimu naye ale nini?

Swali hili ni la haki, na sitalikwepa. Kati yetu wamo walimu ambao bado hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, nao wanaishi kwa mchango wa wazazi peke yake. Mwalimu ambaye watoto wake wamelala na njaa hawezi kuwa na subira na watoto wa wengine. Kwa hiyo sisemi ada ifutwe; uwezo huo hatuna sisi tuliomo chumbani humu. Nasema deni lidaiwe kwa mwenye deni, na lidaiwe wakati anapoweza kulipa.

Napendekeza komite ya kila shule ikae na wazazi mwezi wa Agosti, mmoja mmoja, na kuandika kila nyumba inaishi kwa kazi gani. Wenye mshahara (wa hospitali, wa reli, wa kampuni za madini) na wenye maduka walipe kila mwezi, tena mapema, kwa sababu wao ndio watakaoibeba shule Januari. Mvuvi alipe zaidi kati ya Septemba na Novemba, kabla ya ziwa kufungwa. Mkulima alipe kidogo mwanzoni, na sehemu kubwa baada ya mavuno.

Halafu kuna jambo ambalo nalipenda zaidi, la mahindi. Shule ipokee magunia Mei na Juni kwa bei ya soko ya wakati huo, iyahifadhi, na iyauze Januari bei inapopanda, au iwagawie walimu wenyewe kama sehemu ya mchango wao. Mkulima atakuwa amelipa kwa alichonacho, na mwalimu atakuwa na unga katika mwezi mgumu. Ghala linahitaji sakafu kavu, ulinzi dhidi ya panya na fukusi, na watu wawili wenye funguo tofauti. Hesabu yake ibandikwe ukutani, kila mzazi aisome, maana wazazi wa hapa hawagomi kulipa kwa ubishi. Mara nyingi wanagoma kwa sababu hawajui pesa ilikwenda wapi. Katika hili nawaomba maprefe, yaani wakuu wa shule, wasikasirike. Hesabu ya wazi inaleta ada kuliko kufukuza watoto kumi.

Siku tatu nje ya darasa

Turudi kwa mtoto aliyetoka na madaftari yake. Chukueni darasa la humanités, somo la kemia. Jumatatu mwalimu anaeleza mole, Jumanne wanasawazisha milinganyo, Jumatano wanapiga hesabu za mmenyuko. Aliyefukuzwa Jumatatu anarudi Alhamisi. Anaazima daftari la rafiki na kunakili kurasa nzima za Kifaransa ambazo hazielewi, na mwalimu anaendelea mbele kwa sababu ana programu ya kumaliza. Inakuja interro, anapata mbili juu ya kumi. Mwisho wa kipindi tunamwandikia kwenye buletini kwamba aongeze juhudi. Juhudi gani? Alikuwa amekaa kando ya barabara, akiogopa kurudi nyumbani kumwambia mama yake.

Hatimaye anafika kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, akiwa na mapengo ambayo hakuna anayejua yalianza siku gani. Ndiyo maana naomba, hata kabla ya mambo ya ada kutengemaa, kila mwalimu aandike kwenye rejista sababu ya utoro. Tukiona kwa maandishi ni saa ngapi za masomo tumezichukua sisi wenyewe, nadhani tutaona aibu, na aibu hiyo itatufaa.

Juu ya Kifaransa nitasema machache. Mtihani ni wa Kifaransa, na lazima wakijue. Lakini mtoto wa darasa la saba anayeogopa kuchekwa hatauliza kitu mwaka mzima. Mwalimu amruhusu aulize kwa Kiswahili, amjibu kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha warudi wote wawili kwenye Kifaransa. Dakika zinazotumika hapo hazipotei.

Anakokwenda anapofukuzwa

Kapolowe imo katika teritware ya Kambove, na machimbo hayako mbali. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Mwaka 2016 Amnesty International ilitoa ripoti yake juu ya kobalti baada ya kuzungumza na watoto waliokuwa wakiokota, wakipepeta na kuosha mawe. Baadhi yao walieleza kwamba walikwenda huko kwa sababu wazazi hawakuweza kulipa ada. Wengine walifanya kazi baada ya masomo na siku za mapumziko, wapate pesa za kubaki shuleni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi hizo. Tunaporudisha mtoto nyumbani na kumwambia asirudi bila pesa, tunamtuma akazitafute, na sisi tunajua zinapatikana wapi.

Anaporudi kutoka huko anasinzia darasani. Ana kikohozi cha vumbi, mikono imechubuka, na amezoea kushika pesa, kwa hiyo maneno ya mwalimu yanamwingia kwa shida. Nimewasikia walimu wakiita hali hiyo uvivu au kiburi. Naomba tuyaache maneno hayo. Mwenye kumjua kwanza ni titulere wake, yaani mwalimu msimamizi wa darasa lake, kwa sababu anamwona kila siku. Titulere apewe saa moja kila juma, iliyoandikwa kwenye ratiba kama somo lingine lolote, ya kukaa na wanafunzi wawili watatu na kuwauliza wamelalaje, wamekula nini, nyumbani kuna nani. Asimkaripie mtu katika saa hiyo. Anachoambiwa asikipeleke kwenye chumba cha walimu, isipokuwa mtoto awe katika hatari. Hapo aende kwa prefe peke yake.

Mnaweza kusema hatuna wataalamu wa mambo ya moyo. Ni kweli. Lakini Wakenya wameonyesha njia ambayo tunaweza kuifuata. Shirika la Shamiri lilichukua vijana waliokuwa wamemaliza sekondari karibuni, likawapa mafunzo mafupi, na kuwapeleka shuleni kukaa na wanafunzi kwa vikundi, mara moja kwa juma, juma nne. Matokeo ya jaribio lililofanywa na wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu yalichapishwa mwaka 2021: dalili za huzuni nzito na wasiwasi zilipungua zaidi kwa hao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Hapa Kapolowe tunao vijana wenye diploma ya taifa ambao hawana kazi. Wanajua Exetat inavyotisha, wanajua njaa ya Januari, na mtoto atawaambia yale ambayo hatatuambia sisi wakubwa. Mafunzo yao yasimamiwe na wauguzi wa hospitali pamoja na walimu wa pedagojia, na wao wajue mpaka wao uko wapi: kijana akisema anataka kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wasichana wana mzigo wa ziada. Shule isiyo na choo chenye mlango na maji inawafukuza kila mwezi bila kusoma jina la mtu. Na aliyepata mimba arudi darasani. Tanzania, ambayo kwa miaka mingi iliwakatalia shule, ilibadili msimamo Novemba 2021. Kwa sheria yetu msichana haolewi kabla ya miaka 18, basi tusimsukume kwenye ndoa kwa kumnyima kiti.

Ombi kwa vikundi vya mchana

Mchana huu tutagawanyika kwa shule. Naomba kila shule iandike uamuzi mmoja kwenye karatasi moja: kuanzia Septemba hakuna mwanafunzi atakayetolewa darasani wala kunyimwa mtihani au buletini kwa sababu ya ada, na deni litazungumzwa na mzazi katika ofisi ya komite, mlango ukiwa umefungwa. Chini yake muandike tarehe za malipo za mvuvi, za mkulima na za mwenye mshahara, pamoja na majina ya watakaoshika funguo za ghala. Prefe asaini, mwenyekiti wa komite asaini, na mwakilishi wa walimu asaini. Tafadhali karatasi hizo zisainiwe kabla hatujaondoka hapa leo.