Nyuki na Nyigu Katika Mashamba Yetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Wengi wetu humu mchana twashika kalamu, na jioni twashika jembe. Kila mwenye shamba nyuma ya nyumba amekwisha kuona, wakati wa kufyeka, wadudu wakitoka kichakani kwa hasira. Na dawa yetu imekuwa moja tu: chupa ya mafuta ya taa na kiberiti. Desturi hiyo ndiyo tuliyosimama kuipinga, maana moto huo hushika makuti upesi kuliko ushikavyo wadudu, na wadudu wanaosalimika huwarukia watoto wa jirani wasio na habari.

Kwanza yatupasa kujua ni mdudu gani. Nyuki wakionekana wameshikamana tawini kama mfuko, hao ni wasafiri. Wamehama pamoja na malkia wao, nao wapumzika huku wapelelezi wakitafuta makao. Hawana masega wala watoto wa kulinda, na mara nyingi huondoka wenyewe baada ya saa chache, au siku moja mbili. Yatosha kuwahamisha mbuzi waliofungwa karibu na kuwakataza watoto kutupa mawe.

Walakini wakiisha kuingia katika shina lenye pango au ukuta wa ghala, na kujenga masega, mambo ni mengine. Nyuki wa Afrika hulinda nyumba yake kwa ukali sana. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki hao Brazil. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka, na uzao wao ukaenea hata kufika Marekani mwaka 1990. Basi kuwatoa si kazi ya karani, ni kazi ya mrina asali. Kule Tabora, penye chuo cha ufugaji nyuki, watu wameijua kazi hii tangu enzi za mababu. Mrina asali huja jua likiisha kuchwa, akiwa na moshi. Moshi huwafanya nyuki wakimbilie kujaza matumbo asali, tena huifunika ile harufu wanayoitoa ili kuitana vitani. Yeye apata asali na nta, nasi twapata ghala yetu nzima.

Nyigu, ambao wengine huwaita mavu (ugomvi wa majina hayo kati ya watu wa pwani na wa bara hatutaki kuuamua), hujenga kwa karatasi ya miti waliyoitafuna. Hao huwinda viwavi wapate kuwalisha watoto wao, kwa hiyo mwenye kabichi ana wafanyakazi wasiodai mshahara. Kiota kilicho mbali, juu ya mwembe, na kiachwe. Mtu achomeke kijiti chenye kitambaa chini yake ili mfyekaji akione. Kilicho juu ya mlango au njiani lazima kiondoke. Kazi hiyo ifanywe usiku, wote wakiwa nyumbani, kwa dawa ya kupuliza, mtu akivaa nguo nzito na asisimame chini ya kiota. Taa ya mkononi iwekwe kando, maana nyigu hurukia mwanga.

Ikiwa nyuki wamemfuata mtu, akimbie akiwa amefunika uso, aingie nyumbani na kufunga mlango. Asijitupe mtoni, kwa kuwa huweza kumngoja juu ya maji. Mwiba wa nyuki hubaki ngozini pamoja na kifuko chake, nacho huendelea kusukuma sumu. Uondolewe mara moja, kwa kucha au kwa chochote, maana kukawia ndiko kubaya. Nyigu haachi mwiba, aweza kudunga tena na tena.

Tena wako watu ambao mwili wao haupatani kabisa na sumu hii, na hao mwiba mmoja waweza kuwaua katika muda usiotimia saa moja. Tukiona uso au ulimi umevimba, pumzi yabana, au mtu azimia, tusipoteze wakati kwa vitunguu na majani. Apelekwe hospitali papo hapo akapigwe sindano ya adrenalini. Aliyeumwa na nyuki wengi naye aende, hata akijiona mzima.

Nyuki wakiisha kutolewa, masega yakwanguliwe yote na tundu lizibwe kwa udongo au saruji kabla ya juma kupita, maana harufu ya nta huwaita wengine.